Isaza Alifuata Ng'ombe

Wagiriki wanajivunia Orpheus, aliyeshuka kuzimu na kinubi chake kumfuata mkewe Eurydice. Mapenzi, sawa. Msimulie mzee mfugaji wa hapa Kayanga, Karagwe, habari hiyo. Atakuuliza kwanza huko chini kulikuwa na ng'ombe wangapi.

Maana Isaza, mfalme wa Kitara ambaye masimulizi yanamfanya Ruhinda, mwasisi wa ufalme wa Karagwe, kuwa mzao wake, naye alishuka. Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, alitaka yeye na Isaza wachanjiane damu. Isaza, kwa ujanja wake, akapeleka damu ya bawabu wake, Bukuku. (Ninyi mnaokopa, kisha mali ya mdhamini ndiyo inayopigwa mnada, babu yenu huyo.) Nyamiyonga akagundua. Akamtuma bintiye Nyamata, mrembo hasa. Isaza akamwoa, lakini moyo wake ukabaki zizini. Binti akapeleka taarifa kwa baba. Basi Isaza akaletewa fahali na ng'ombe jike wa kupendeza kupita kiasi. Ng'ombe hao walipotoroka kurudi kwao, Isaza akawafuata mbio hadi kuzimu.

Orpheus alimkosa mke, lakini alirudi. Isaza hakurudi. Ufalme akabaki nao Bukuku, yule yule bawabu.