Kodi ya Saba

Mwalimu wa kwaya yetu hapa Masieda, mtu mpole asiyeinua sauti ila katika kuimba, aliniagiza nijifunze kabla ya Jumapili zile kodi za gitaa ambazo mafundi huziita maina seveni. Nami ningali naamini kwamba masaibu yote yaliyofuata yalitokana na wanamuziki wenyewe, ambao walipolitohoa neno lao hawakujali kuwa Serikali ilikwisha kulitwaa zamani.

Basi asubuhi moja ya Julai, baridi ya Mbulu ikiwa imevikausha vidole vyangu kama vigingi, niliketi barazani nikihangaika na ile ya D, ambayo humlazimu mtu akandamize nyuzi mbili nyembamba kwa kidole kimoja cha shahada, ilhali cha kati kinaushika uzi wa tatu, na wangu mmoja haukukoma kukoroma.

Akapita babu jirani.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Mbona uso wa matanga?”

“Kodi, babu. Nyingine naziweza, lakini hizi za saba zimenishinda.”

Mzee huyo, aliyeijua kodi ya kichwa na kuivumilia kodi ya maendeleo hadi ilipofutwa mwaka 2003, alitikisa kichwa kwa huruma, akaenda zake. Kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba nadaiwa kodi ya miaka saba. Shangazi akaleta debe la mahindi, na jioni babu akarejea na kuku kwapani, tayari kwenda kuniombea kwa mtendaji wa kijiji.

Sikuwa na budi kumweleza kwa vitendo. Nikapiga A maina kwa vidole vitatu, kisha nikakiondoa cha pete kwenye uzi wa tatu, sauti ya G ikaingia, nayo ikawa ya saba. Nikaongeza, kwa kujionyesha, kwamba sauti zake nne, A, C, E na G, mpigaji besi akisimama kwenye C, huitwa kwa jina jingine kabisa, C ya sita.

“Kumbe hubadilishwa jina tu,” akasema babu, “na mtu akipunguza kidole, kodi hupanda?”

“Naam, babu.”

“Hiyo naijua.”

Akamkwapua kuku wake, akaaga kwa taadhima. Debe la shangazi halikuulizwa, nami sikulitaja.