Bei ya Mjomba

Kijana wa Bombo amepanda milima ya Upare kula likizo, na mama anataka kujua kazi yake huko mjini.

"Nashughulika na bei hamishi, mama."

Mama anadhani anauza mitumba. Kijana anafafanua: kampuni ikiuziana na dada yake wa ng'ambo, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kifungu cha 33, inataka bei iwe ya watu wasio na undugu. Mama anacheka. Tangawizi ya mjomba hupimwa lumbesa, tena kwa bei ya kindugu!

"Haya, na mbele ya safari utakuwa nani?"

Hapo ndipo penye utamu. Ukianzia TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, unawabana wakubwa. Ukishajua mlango wanaotorokea, washauri wa kodi wanakuita uwashikie ufunguo. Ukichoka, mteja anakuajiri umkinge na wenzako wa zamani. Faili ni lilelile; kinachohama ni kiti, na bei ya anayekikalia.

Na kazi haikauki, maana hesabu za kodi za wakubwa hunyumbulika. Mwaka 2017 kampuni ya dhahabu ya Acacia ilidaiwa takriban dola bilioni 190; mmiliki wake mkuu, Barrick, ikamaliza mzozo kwa kukubali kulipa dola milioni 300. Sisi Wapare tunataniwa kwamba tunauza ng'ombe kufuatilia kesi ya kuku. Sawa, lakini kuku wetu huingia mahakamani kuku na kutoka kuku.

Mwanangu, kalia kiti ukipendacho. Ila siku ukihama, nawe utoe risiti.