Kitabu Kipo kwa Mwenzako

Mwanafunzi wa chuo akikutana na kanzidata ya vitabu pepe, humwaga humo swali zima la mhadhiri, hadi na ile “jadili kwa mifano”. Kanzidata, kwa adabu zake zote, humrudishia sifuri. Basi hununa: maktaba gani hii isiyo na kitu!

Mkutubi atamwelekeza: fungu la maneno litie ndani ya alama za kunukuu, unganisha kwa AND, ondoa kwa NOT, tena kwa herufi kubwa kama unayemgombeza mtu. Hizo AND na NOT ni mantiki ya George Boole, Mwingereza aliyechapisha kitabu chake mwaka 1854 na kufariki 1864, salama, bila kuulizwa nenosiri. Halafu kuna kinyota, cha kushika nafasi ya herufi zozote. Hicho hukaa mwisho wa neno, maana lugha za waliokibuni hugeuka mkiani. Sisi mkulima na wakulima tunawageuza kichwani, na kanzidata nyingi zikiona kinyota kimetangulia hugoma. Kwa hiyo mtoto wa watu ataandika mkulima OR wakulima OR kilimo, na bado ashukuru.

Haya, kitabu kimepatikana. Hakina karatasi, hakichaniki, hakiliwi na mchwa. Lakini leseni aliyoiuza mchapishaji inaruhusu msomaji mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo subiri zamu, kipo kwa mwenzako. Na huyo mwenzako ndiye yule pale dirishani: kakifungua kwenye jalada, mwenyewe yuko WhatsApp.