Mwongozo wa Kugawa Faida Isiyokuwepo

Bwana mkurugenzi, anza na ahadi. Watangazie wanahisa kwamba gawio litapanda kila mwaka, iwe mvua iwe jua. Mchumi John Lintner, baada ya kuwahoji wakuu wa kampuni za Marekani, aliandika mwaka 1956 kwamba wakuu hao huchukia sana kupunguza gawio. Hofu hiyo itakusaidia. Ukishaahidi, faida haisubiriwi tena itokee kwenye biashara. Hutafutwa mpaka ilingane na gawio.

Jifunze kwa Carillion, kampuni ya ujenzi ya Uingereza iliyoanza 1999 na kupandisha gawio kila mwaka kwa miaka 16. Siri ilikuwa mikataba ya muda mrefu. Hospitali ikijengwa kwa miaka kadhaa, faida ya mwaka huu ni makadirio tu, nawe ndiye mkadiriaji. Gharama zitazame kwa matumaini. Madai ambayo mteja hajayakubali, yaandike kama mapato. Mkaguzi wa hesabu atauliza. Mwonyeshe makadirio yaleyale.

Kisha wageukie makandarasi wadogo. Wawekee masharti ya kusubiri malipo siku 120. Asiyeweza kusubiri, benki imlipe mapema na imkate kidogo. Nawe sasa unadaiwa na benki, lakini deni hilo liandike chini ya wadai wengineo, mbali na mikopo.

Hapa pana tatizo ambalo kalamu haiwezi kulitatua. Faida huandikwa, gawio hutoka benki. Kuanzia Januari 2012 hadi Juni 2017, Carillion iligawa pauni milioni 333 zaidi ya fedha taslimu zilizotokana na shughuli zake. Lazima kuwe na aliyeilipia tofauti hiyo, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko hesabu zenyewe. Wadhamini wa mifuko ya pensheni walipoomba michango mikubwa zaidi, waliambiwa kampuni haimudu. Mifuko hiyo ilikuwa na wanachama wapatao 27,000, watu waliokwisha kuifanyia kampuni kazi yao. Hao waliambiwa wasubiri, na wenye hisa wakalipwa kwa wakati.

Juni 2017 likatoka gawio la mwisho, pauni milioni 55. Julai 10 kampuni ikakiri kwamba pauni milioni 845 za thamani ya mikataba yake hazipo. Januari 15, 2018 ikaanguka, ikiwa na pauni milioni 29 mkononi na madeni ya karibu bilioni 7. Hospitali mpya ya Liverpool ikabaki haijakamilika.

Basi nawe mwanahisa unayefurahia gawio linalopanda bila kukosa, chukua taarifa ya mwaka. Uruke ukurasa wa faida, ufungue wa mtiririko wa fedha. Tazama fedha zilizotokana na shughuli za kampuni, kisha gawio lililolipwa. Fanya hivyo kwa miaka mitano mfululizo. Gawio likizizidi fedha hizo kila mwaka, nenda mkutano mkuu ukaulize kwa sauti tofauti hiyo inatoka kwa nani.