Kupiga kopi kwa gitaa kavu Kibeta

Kupiga kopi ni kupiga wimbo wa bendi nyingine kama ulivyorekodiwa, au kama mpigaji anavyoukumbuka, na tofauti ya hayo mawili ndiyo chanzo cha karibu mambo yote yanayofuata. Kazi yenyewe si ngeni. Miaka ya 1960 na 1970 bendi za vijana mijini zilijaza kumbi kwa kopi za nyimbo za Kongo, Marekani na Uingereza, na watu walilipa kiingilio mlangoni. Siku hizi ukumbi umehamia kwenye simu. Mpiga kopi wa Kibeta, kata ya Manispaa ya Bukoba mkoani Kagera, ana gitaa kavu, simu yenye kioo kilichopasuka na bando la saa 24. Kiingilio analipa yeye mwenyewe.

Gitaa hilo wazee bado wanaliita galatoni, kwa sababu ya magitaa ya Gallotone yaliyotoka Afrika Kusini. John Lennon alikuwa na gitaa la jina hilohilo alipokutana na Paul McCartney mwaka 1957, na kila mwenye galatoni anaijua habari hiyo hata kama hajui kitu kingine. La Kibeta kwa kawaida ni la mkono wa pili: limetoka kwaya, au limeachwa na mjomba aliyehamia Mwanza. Unyevu wa Ziwa Victoria umeipinda shingo yake, nyuzi zimepanda mbali na ubao, na kidole cha mwanafunzi kinachozikandamiza hadi chini huota sugu kabla hakijatoa sauti. Uzi mwembamba kuliko zote ukikatika, fundi baiskeli hujitolea uzi mmoja wa waya wa breki. Unalia, hilo halina ubishi, ila unalia kibreki. Kibanio cha kupandishia sauti hutengenezwa kwa penseli na ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, nacho, kwa haki, ndicho kifaa pekee kisicholeta lawama.

Nyimbo nazo hufuatana kwa mpangilio unaojulikana. Wa kwanza ni "Malaika", ambao tangu Fadhili William wa Kenya aurekodi umepigwa na watu wengi mno duniani kiasi kwamba hakuna aliyebaki wa kuushangaa. Unafuata "Masanga" wa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, uliorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Bosco alipiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, besi na solo zikasikika kwa pamoja. Mwanafunzi akisikia ni vidole viwili tu hupata matumaini makubwa. Hudumu hadi gumba na shahada vinapotakiwa kushika njia tofauti.

Kabla hajaiva katika hizo mbili, mpiga kopi huhamia kwa bendi anayoipenda, na hapo ndipo makosa yanapokuwa ya kudumu. Ichukuliwe Mlimani Park Orchestra, Wana Sikinde, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1978, ikawa na Michael Enoch kama kiongozi na waimbaji wa aina ya Muhidin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka. Katika wimbo mmoja wa Sikinde kuna gitaa la solo, gitaa la ridhim, besi, tumba, dramu, tarumbeta, saksafoni na safu ya waimbaji wanaopokezana. Kibeta kuna mtu mmoja juu ya kigoda. Anaanza na ridhim, anaimba, mambo yanakwenda. Solo linaingia, anaiacha ridhim ili alifuate. Tarumbeta zinaitikia, anazipiga kwa mdomo. Wimbo ukifika kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ambapo mwendo unapanda na ukumbi mzima unaacha viti, kijana hana kiungo kilichobaki isipokuwa mguu, na mguu umevaa kandambili. Katika video nyingi za namna hii kandambili ndiyo ala inayosikika vizuri kuliko zote.

Lipo pia tatizo ambalo kitabu cha kujifunzia gitaa hakiligusi. Rekodi nyingi za bendi hizo zilifanywa katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye mkanda, bendi yote ikipiga kwa mara moja. Mkanda ukaja kunakiliwa kwenye kaseti, kaseti ikanakiliwa kwenye kaseti, na kila mashine ilikuwa na mwendo wake. Wimbo unaofika kwenye simu leo si C wala C shapu. Umekaa katikati, kama mgeni aliyeshushwa njia panda. Programu ya kutuni inaapa kwamba gitaa liko sawa, wimbo unaapa kwamba haliko. Mpigaji mwenye masikio huuamini wimbo, hukaza nyuzi zote kidogo kidogo, na ndiyo sababu ule mwembamba hukatika mara nyingi kuliko fundi baiskeli anavyoweza kuelewa.

Saa ya kurekodi ni suala la hali ya hewa. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa inatoka ziwani usiku wa manane na alfajiri. Alfajiri ndipo Kibeta inapokuwa kimya: bodaboda hazijaanza, redio za majirani zimelala. Kwa hiyo saa ya ukimya na saa ya mvua ni moja, na paa ni la bati. Simu, ikisikia vyote viwili, hukata shauri kwamba mvua ndiyo muziki na gitaa ndiyo kelele. Mpigaji husubiri mvua ikatike, kisha hutoka na kigoda chake hadi kwenye migomba ambako hakuna mwangwi. Huko mama mwenye nyumba hupita na beseni na kusimama katikati ya picha. "Mwanangu, tangu asubuhi hujatia kitu tumboni, unaimba tu?" Swali hubaki kwenye rekodi, na jamaa walioko Dar es Salaam hulijibu kwa kuuliza leo kimepikwa nini.

Wazee wa Buhaya, yaani nchi ya Wahaya wa huku Bukoba, kwa upande wao hawashangai kumwona mtu mmoja na nyuzi zake. Nanga, kipande cha mti kilichochongwa uvungu na kufungwa uzi unaokwenda na kurudi juu yake, ilipigwa na msanii mmoja huku akighani tenzi ndefu za mashujaa na watawala. Profesa Mugyabuso Mulokozi amezitafiti tenzi hizo na kuandika juu yake. Bingwa wa nanga hakuharakishwa na mtu. Kinachowashangaza wazee ni kijana anayesimama dakika ya tatu na kusema bando linakata.

Hatari kubwa kuliko mvua huja kwa mbawa. Senene hushuka Kagera hasa Novemba na Desemba, mara nyingine hata Aprili na Mei, nao hufuata mwanga. Mpiga kopi aliyeshauriwa kwamba video nzuri ni mwanga hufunga balbu kubwa barazani usiku, huegemeza simu kwenye chupa ya chai na kuanza. Senene wa kwanza hutua kwenye shingo ya gitaa, karibu na penseli. Wa pili hutua kwenye kifundo cha mkono unaopiga, akapanda na kushuka nao. Wa tatu huingia kwenye tundu la gitaa, na tangu hapo kila uzi ukiguswa huko ndani kuna anayejibu. Ubeti wa pili ukifika baraza ni la kijani na majirani wamejaa, ila hawakuvutwa na Sikinde. Wana ndoo, vyandarua na mifuko. "Kaka, wewe imba tu," husema mmoja wao bila kumtazama, "taa ndiyo usizime." Mwingine humwomba asogeze kigoda kwa sababu amekalia mahali pazuri. Usiku huo wadudu hunyonyolewa mbawa na miguu, hukaangwa kwa chumvi, na mwenye balbu hupelekewa sahani. Hayo ndiyo malipo bora anayopata kwa sanaa yake mwaka mzima.

Video ikishapanda, kwa kawaida kutoka kona ya shamba ambako mtandao haukatiki, maoni huja. Ya ndugu ni hongera na hayana la kuchunguzwa. Ya wazee waliowahi kucheza dansi ni makali. Wa kwanza huandika kwamba huo si wimbo wa Sikinde, ni wa Msondo. Wa pili humjibu kwa ukali. Mpigaji hubaki pembeni ya ugomvi alioufungua mwenyewe. Kumsamehe mzee wa kwanza ni rahisi. Bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz imeitwa baadaye Juwata, OTTU na hatimaye Msondo Ngoma, na Gurumo aliimba pande zote mbili, kwa hiyo sauti peke yake si ushahidi.

Kundi la tatu la maoni ni la wakulima, na Bukoba na wilaya jirani ya Muleba kundi hili ni kubwa. Mkulima haangalii gitaa. Anaangalia nyuma ya bega la kushoto la mpigaji, ambako kuna mgomba wenye jani la njano lililolegea, na anaandika kwamba huo ni mnyauko, ung'olewe leo hii. Ana haki. Mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria ulithibitishwa Kagera mwaka 2006 na kuteketeza mashamba mengi. Mwingine huongeza kwamba ua dume liondolewe kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, kwa kuwa panga hubeba ugonjwa kutoka shina hadi shina. Wa tatu huomba video nyingine ya mgomba huo, ikiwezekana mtu aliye mbele akae pembeni. Kwa hesabu ya manufaa kwa jamii, hakuna kopi ya Sikinde iliyoishinda video hiyo ya mgomba.

Upande wa sheria hauchekeshi sana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, inampa mtunzi haki juu ya kazi yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na kupenda bendi si kibali. Aidha, tangu mwaka 2007 YouTube ina mtambo wa kutambua muziki wa wengine ndani ya video zinazopandishwa. Mpiga kopi akipata taarifa kwamba video yake imetambuliwa kuwa wimbo wa fulani, anapaswa kusikitika. Badala yake hupiga picha taarifa hiyo na kuionyesha mtaa mzima, maana ni mara ya kwanza kiumbe chochote kuutambua wimbo wake bila kuambiwa jina.

Swali ambalo kila mpiga kopi wa Kibeta huulizwa mapema ni kwa nini anahangaika na bendi za Dar es Salaam wakati Saida Karoli ni mtu wa Kagera. Albamu yake ya Maria Salome ya mwaka 2001 ilikifikisha Kihaya mahali ambapo Kihaya hakijulikani, na mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliutengeneza upya wimbo wenye jina hilo la albamu, wakauita "Salome", ukavuma tena. Kijana hushawishika. Hugundua kwamba wimbo ule umejengwa juu ya ngoma na miitikio, kwamba gitaa linatafuta pa kushika na halipaoni, na kwamba katika nyimbo za Kihaya kila msikilizaji ni mwalimu wa matamshi, akiwemo mama mwenye beseni.

Hata hivyo kopi nzuri zipo, na zinafanana. Mpigaji amechagua gitaa moja la bendi, aghalabu ridhim, akatulia nalo mwanzo hadi mwisho. Solo kaliacha, tarumbeta kaziacha, chemko kaligusia kwa vidole tu. Msikilizaji aliyewahi kuucheza wimbo huo hujijazia mengine kichwani, tena kwa ufundi usiopatikana Kibeta, halafu humsifu kijana kwa solo ambalo hakulipiga.

Anayetaka kuanza na aanze kati ya Juni na Agosti, mvua zikiwa chache. Julai ndiyo kavu kuliko miezi yote. Novemba gitaa libaki ndani, na ile balbu itoke nje pamoja na ndoo.