Yah: Kilo Moja ya Haluwa Iliyogeuka Maji Angani

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Vimiminika Duniani,
Popote mnapokutania, ghorofa yoyote yenye kiyoyozi.

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi na shoga yangu tulikwenda Oman kutembea. Siku za mwanzo haziwahusu: tulipanda ngome ya Nizwa, tukaogelea Wadi Shab, na hakuna aliyetupima kwa mililita. Siku ya mwisho ndiyo yenu. Siku hiyo mtu si mtalii tena, ni mchukuzi. Kila shangazi, kila jirani na kila aliyewahi kukuazima mwavuli ana chake alichoagiza, na begi lenyewe halitakiwi kuzidi kilo 7, kwa kuwa tiketi tuliyokata ni ile ya bei ya kuchekelea, ambayo mzigo wa tumboni mwa ndege haumo.

Asubuhi tukaamkia Soko la Mutrah, Maskati, pale mbele ya bandari. Ubani wa Dhofar tuliununua bila wasiwasi, mkavu, unagongana kwenye mfuko. Kwenye asali ya mkunazi shoga yangu alisimama kitambo, akameza mate, akasema, "Hii wataimwaga." Marashi ya mawaridi ya Jabal Akhdar tuliyanusa tukayarudisha mahali pake. Hilo naomba liingizwe kwenye faili letu, Waheshimiwa: sisi si wakorofi. Kanuni yenu ya vimiminika kwenye begi la mkononi tunaijua na tuliitii hata pale ambapo hapakuwa na askari. Tulikwenda na sayansi ya darasa la nne: kinachotiririka ni kimiminika, kinachokaa ni yabisi.

Haluwa inakaa. Muuzaji alikuwa mzee aliyetujibu kwa Kiswahili cha Unguja kabla hatujamaliza kujikongoja na Kiarabu chetu. (Wazee wa namna hiyo Maskati hawana idadi. Wengi walizaliwa Zanzibar, wakaondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na bado wakikasirika wanakasirika kwa Kiswahili.) Aliichota kwa mwiko, ikaung'ang'ania mwiko. Akaona hatujaridhika, akalipindua bakuli kichwa chini. Haikudondoka. Ndani yake mna sukari, wanga, samli, zafarani, iliki na marashi, vimekorogwa kwenye sufuria la shaba saa na zaidi, mpaka bega la mpishi limeomba talaka. Mama yake shoga yangu, kule Ngamiani, Tanga, aliagiza kitu kimoja tu katika safari nzima, nacho ni hicho. Haluwa ya Unguja anaipata akitaka. Yeye anashikilia kwamba ile ni mtoto na ya Maskati ndiyo mzazi, na mimi ugomvi wa ukoo wa haluwa siuingilii.

Ukaguzi wa kwanza ulikwenda salama. Mkaguzi alifungua kifuniko, akanusa, akauliza tumenunua duka gani. Kufikia hapo haluwa ilikuwa yabisi. Tukaruka. Tukatua kwenye uwanja wa kuunganishia ndege, ambao sitautaja, tukapitishwa kwenye mashine upya, na kijana mwenye glavu za buluu akatutangazia kwamba tumebeba kimiminika.

Naomba mnieleze taratibu, maana mimi si mtu wa maabara. Huko juu kwenye mawingu iliipata nini?

Shoga yangu hakubishana. Alirudia jaribio. Akafungua bakuli, akalipindua juu ya trei, akahesabu kwa sauti mpaka kumi. Foleni nzima ikahesabu naye. Haikudondoka. Kijana akasema, "Basi ni jeli." Akaonyesha bango: vimiminika, jeli, krimu na vitu vya kupaka. Shoga yangu akamwuliza, mwanangu, umeona wapi mtu anajipaka haluwa? Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nafikiri kanuni haina kifungu cha kucheka.

Sasa niseme jambo moja bila mzaha. Kanuni hii haikuzuliwa na mtu mwenye chuki na peremende. Agosti 10, 2006 polisi wa Uingereza walitangaza kukamata kundi lililopanga kulipua ndege za kwenda Amerika Kaskazini kwa baruti ya majimaji iliyofichwa kwenye chupa za vinywaji baridi. Hofu ilikuwa ya haki. Siku zile akina mama waliambiwa waonje maziwa ya watoto wao mbele ya wakaguzi. Novemba mwaka huohuo Ulaya ikaleta kikomo cha mililita 100 kwa kila chombo na kile kifuko cha plastiki cha lita moja, na haukupita muda dunia karibu nzima ikawa inapima shampuu. Mwaka 2009 vinara wa njama ile walitiwa hatiani. Walinaswa na makachero waliowafuatilia na kuwasikiliza. Kifuko cha plastiki kilizaliwa wao wakiwa tayari korokoroni, na tangu siku hiyo kinatembea kifua mbele kana kwamba ndicho kilichowakamata.

Tuliambiwa tuvumilie mpaka zije mashine zenye macho. Zimekuja, zinapiga picha ya begi ndani kwa pande zote. Ulaya waliziweka katika baadhi ya viwanja, na Septemba 2024 wakaambiwa warudi kwenye mililita 100 mashine zikiwa palepale. Edinburgh, kwa upande wake, Julai 2025 waliruhusu chupa za hadi lita mbili. Maana yake abiria wa Edinburgh anaaminika mara 20 kuliko mama wa Ngamiani. Wamarekani nao wamekwenda mbali zaidi katika elimu hii: kwao siagi ya karanga ni kimiminika, lakini maji yaliyoganda barafu kabisa yanapita. Ningejua mapema ningemwomba mzee wa Mutrah atufanyie haluwa ya barafu, Mungu anisamehe.

Turudi kwenye foleni. Kijana, ambaye hakuwa mtu mbaya, alitupa njia mbili: pipa au tumbo. Kilo moja ya hatari hairuhusiwi kupita ndani ya bakuli, lakini ndani ya abiria inapita, na hata mashine haiikemei. Hiyo ndiyo sehemu ya kanuni yenu ninayoiheshimu kuliko zote, kwa sababu ni ya kibinadamu. Shoga yangu akavua kandambili, akakaa kwenye vigae, akaniamuru nikunje pasi yangu ya kupandia ndege iwe kijiko. Mzee mmoja wa Kingazija akatoa yake. Bibi mmoja aliyekuwa akienda Kigali akaonja, akarudi na wajukuu. Kijana wa glavu alikaribishwa, kama ada inavyotaka, akasema yuko kazini. Tukala haluwa ya Mama mpaka meno yakapiga kelele, bila kahawa chungu ya kuteremshia, jambo ambalo Tanga ni kosa kubwa kuliko chochote kilichomo kwenye bango lenu.

Kahawa ilikuwa ng'ambo. Hatua chache baada ya mashine inauzwa, kikombe kimejaa, ya kuunguza. Na mkono wa kushoto wa duka la kahawa, kwenye duka la vitu visivyotozwa ushuru, tulikuta haluwa ya Oman imepangwa kwenye makopo ya rangi ya dhahabu, kwa bei ya kukufanya uyatazame ukiwa umefunga mikono nyuma. Ilikuwa yabisi tena. Shoga yangu aliangalia bei, akaangalia kopo, akasema Mama yake hali haluwa iliyoandikwa tarehe ya kuisha. Tukaondoka.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, sidai fidia. Naomba jedwali. Mtuandikie, chakula kwa chakula, kipi ni nini. Kalimati iliyolowa shira ni yabisi iliyovaa kimiminika, je, mnaikagua nguo au mwili? Bokoboko mnaliweka upande gani kabla ya samli, na upande gani baada yake? Achari ya embe, je, embe lipite na mchuzi ubaki? Ugali sina shaka nao, ila ule wa bwenini niliolishwa sekondari ungewasumbua.

Jibu naliomba kabla ya Mfungo. Shemeji yake shoga yangu ana safari ya Maskati, na Mama ameshaagiza.

Wenu,
Abiria wa kiti cha katikati

Nakala: Mama, Ngamiani, kwa taarifa.