Taulo, Juala na Mkate wa Gramu 400

Taulo ni kitambaa kikaidi. Shuka ukiitarizi inatulia, lakini taulo ina vinyweleo, na uzi ukitua juu yake unazama humo hadi herufi inabaki kama mtu aliyejificha nyasini. Ndiyo maana mafundi stadi wanasisitiza: tandika juu ya taulo utando mwembamba, piga mashine, kisha loweka, utando uyeyuke majini upotee.

Ushauri mzuri, ila ulitungwa na mtu mwenye mfereji unaotoa maji. Hapa Kibwezi, na zaidi ukivuka mto Athi kuelekea Ikutha na Mutomo, maji huja kwa punda, mtungi wa lita 20 kwa bei inayopanda pamoja na jua. Hebu mwambie mteja wa Kitui kwamba mtungi mzima umeishia kuyeyusha plastiki.

Zamani dawa ilikuwa juala la dukani: tandaza, tarizi, chana. Ikafika tarehe 28 Agosti 2017, Kenya ikapiga marufuku mifuko ya plastiki, na faini ikawa kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au jela hadi miaka 4. Hakuna ua la waridi lenye faida ya namna hiyo.

Jirani yangu wa kibanda, fundi hodari asiyekubali kushindwa na serikali, akagundua nailoni ya mkate. Marufuku iliacha nje nailoni ya kufungia bidhaa kiwandani, kwa hiyo mkate ulibaki halali na vazi lake. Na kweli inafaa, mradi ukate sehemu isiyo na maandishi. Jirani alikuwa na haraka. Taulo za maharusi wa Mutomo zikatoka na "400g" ikichungulia chini ya uzi mweupe, na kwenye taulo ya bwana harusi, tarehe ya mwisho wa matumizi: Jumanne. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Shangazi wa bibi harusi akasema pasi itafuta. Pasi ya makaa haifuti nailoni, inaitia moto tu ikazidi kung'ang'ania. Wageni walioshika zawadi hiyo walisema ina harufu ya mandazi yaliyoungua, jambo ambalo mimi naona ni uchokozi.

Herufi zenyewe zilikuwa M na M. Huku Ukambani Mutua humwoa Mwende, wakawazaa Musyoka na Mumbua, na taulo zote za nyumba hiyo zikawa M. Tofautisha kwa rangi ya uzi, au andika jina zima, lakini kwa herufi nene, nyembamba humezwa. Tena usianze M jioni mawingu yakiwa yametanda. Stima ikikatika katikati, kinachobaki ni N, na taulo ikisogea kidogo kabla stima haijarudi, mashine haitakubali kuwa iliacha kazi pale.

Mengine ni mepesi. Fua taulo kwanza, maana pamba hurudi na uzi wa mashine haurudi, na maua yako yatajikunja. Usiibane taulo nene kwenye fremu, itabaki na alama ya duara. Bana karatasi ngumu peke yake, laza taulo juu yake, uishikize kwa pini mbali na njia ya sindano. Taulo nyeupe ifunike hata ukienda kunywa chai, kwa sababu vumbi letu jekundu halina adabu.

Lakini kabla ya yote hayo, uliza taulo itakaa wapi. Yule shangazi wa pasi alikuja baadaye na yake mkononi, akilalamika kwamba maua yanaangalia chini. Nikamweleza kwa heshima kwamba ikitundikwa bafuni yanasimama sawasawa.

"Bafuni?" akasema. "Mwanangu, kitu kimetariziwa nikipeleke bafuni kufanya nini?"

Kumbe kwake ilikuwa ikilazwa mgongoni mwa kochi, sebuleni, mkabala na redio iliyovaa kitambaa chake, na hakuna mgeni aliyewahi kuruhusiwa kuigusa kwa mkono ulioloa. Akaagiza nyingine sita, maua yageuzwe. Kuhusu mkate, alisema ataleta mwenyewe, ule usio na maandishi mengi.